Kwa nini kauboi wa Liwale anapanda pikipiki

Ukienda mnadani Liwale au Nachingwea, mkoani Lindi, utawaona: vijana wa Kisukuma na Kibarbaig waliovaa kofia pana za kikauboi, mikanda yenye vyuma vikubwa kiunoni, fimbo imelazwa begani. Kila kitu cha kauboi kipo isipokuwa farasi. Usafiri wao umeegeshwa chini ya mwembe, nao ni pikipiki iliyojaa vumbi, nyuma yake dumu la maziwa limefungwa kwa mpira wa tairi.

Vijana hao hao wana simu, na kwenye simu kuna video za ranchi za Texas na Montana. Mtu aliye juu ya farasi anaingia taratibu katikati ya kundi, anamtenga ndama mmoja bila kelele, kamba inazunguka hewani mara mbili tatu, inatua shingoni. Baada ya hapo linakuja swali, na nimeshaulizwa na watu wengi kiasi kwamba nimeona heri niandike jibu lake: ng'ombe tunao, mapori tunayo, mbona sisi hatupandi farasi?

Majibu ya vijiweni hayafiki mbali. "Farasi ni wa Wazungu." Ethiopia ina farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, Wasotho wa milimani Lesotho humpanda farasi kwenda dukani, na kaskazini mwa Nigeria watawala wa Kihausa wamewapamba farasi wao kwa karne nyingi. "Joto litamuua." Sudani ina joto kali kuliko Lindi, na farasi wapo. "Ni ghali." Hilo ni kweli, lakini bei ni matokeo tu. Mnyama asiyezaliana mahali lazima aletwe kutoka mbali, na akiletwa atakuwa ghali. Swali linarudi pale pale: kwa nini hazaliani huku?

Tuanzie baharini. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji, na alipoondoka alipanda chombo hadi Dhofar, kusini mwa Arabuni. Huko aliandika jinsi farasi wazuri walivyokuwa wakipakiwa melini kupelekwa India. Maana yake bandari iliyokuwa ikiuza farasi nje ilikuwa safari moja tu ya upepo wa msimu kutoka Kilwa. Watu wa Kilwa walikuwa na dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, mkononi, walimjua farasi, na uwezo wa kumnunua walikuwa nao. Hata hivyo biashara kati ya pwani na bara iliendelea kwenda kwa miguu, mizigo kichwani na begani, mpaka enzi za reli. Wafanyabiashara wazoefu kiasi kile hawamwachi mnyama wa kubeba mzigo kwa kutojua. Walikuwa na sababu, na sababu hiyo inaruka.

Aliyejaribu kuipima alipitia Mikindani. Machi 1866 David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alishuka pale akitokea Unguja, na wanyama wake walikuja kwa jahazi: ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama mmoja, nyumbu wawili (wale chotara wa punda na farasi) na punda wanne. Alitaka kuona ni yupi kati yao angehimili mbung'o, yule ambaye sehemu nyingine humwita ndorobo. Farasi hakuwamo kabisa katika orodha. Livingstone alishaona kusini mwa Afrika kwamba mbung'o humwua farasi, na hakuwa na haja ya kuupima msiba anaoujua. Walipoingia bondeni mwa Ruvuma mbung'o waliwavamia wanyama. Kwa bahati mbaya, askari wa Kihindi waliopewa kazi ya kuwatunza waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, hivyo walipoanza kufa mmoja mmoja haikujulikana kama walikufa kwa mdudu au kwa fimbo. Jaribio likaharibika, ila mtu yeyote wa huku angeweza kumwambia jibu kabla hajatua nanga.

Ugonjwa wenyewe ni nagana. Mbung'o anaponyonya damu huacha vijidudu viitwavyo trypanosoma, jamaa wa vile vinavyoleta malale kwa binadamu. Ng'ombe wa kienyeji akiugua hukonda polepole, manyoya yakasimama, maziwa yakakata, na mfugaji akiwahi sindano anaweza kumwokoa. Farasi hapewi muda huo. Homa hupanda na kushuka, miguu na sehemu ya chini ya tumbo huvimba, damu hupungua, miguu ya nyuma huanza kuyumba, na bila tiba hufa ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Tena dawa ya sindano ambayo mfugaji wa ng'ombe ameizoea, diminazini, farasi huivumilia vibaya. Mtu anayedhani atamtibu farasi kwa kile kile kilichomo kwenye begi la bwana mifugo anaweza kumwumiza zaidi.

Mbung'o huuma mchana. Hufuata kitu kinachotembea, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa mtu mwenye akili atasema: basi farasi afungiwe mchana, atolewe usiku. Hapo ndipo anapoingia mdudu wa pili.

Usubi, mdudu mdogo kuliko mbu ambaye hata chandarua cha kawaida chenye matundu makubwa hakimzuii, huanza kazi jua likizama na kumaliza asubuhi. Yeye hubeba virusi vya ugonjwa ambao madaktari wa mifugo huuita ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ukishika mapafu, farasi anayeonekana mzima asubuhi anaweza kuwa anatoa povu puani jioni, na wanaokufa kwa aina hiyo hufikia 95 katika kila 100. Punda milia huambukizwa bila kuugua, kwa hiyo virusi havikosi pa kukaa. Ipo chanjo, inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, na huko wenye farasi huchanja kila mwaka na kuwaingiza bandani kabla ya magharibi.

Sasa weka hayo mawili pamoja. Ratiba inayomwokoa farasi na usubi ni kumficha usiku na kumtoa mchana, na hiyo ndiyo inayomkabidhi kwa mbung'o. Mahali penye mdudu mmoja tu unaweza kupanga saa. Kandokando ya mapori ya Liwale wapo wote wawili, na saa 24 za siku zimeshagawanywa kati yao. Nyanda za juu za Lesotho hazina mbung'o kabisa na baridi yake hupunguza usubi. Mashamba ya miteremko ya Kilimanjaro na Arusha yanamweka farasi kwa chanjo na kwa sababu nyasi zake hazina vichaka vya mbung'o. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, lakini hao wanaishi mjini, ambako mbung'o hana pa kujificha.

(Kuhusu punda milia, mwaka 2019 watafiti nchini Uingereza waliwavalisha farasi majoho yenye milia na kuhesabu pange wanaotua. Pange waliwasogelea kama kawaida, ila walipofika karibu walishindwa kupunguza mwendo na kutua, wakagonga au wakapitiliza. Hao ni pange na si mbung'o, kwa hiyo asije mtu akashona joho la milia na kudhani amemaliza kazi.)

Kuna watu wanaoamini Liwale imekuwa nchi ya mbung'o tangu kuumbwa. Si hivyo. Mbung'o anahitaji mambo mawili, kivuli cha vichaka na damu ya wanyamapori, na watu wakilima na kufyeka hurudi nyuma. Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, na vikaenea kusini kote. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vyakula na mashamba. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi, vijiji vikabaki mahame, miombo ikarudi kwenye makonde, wanyama wakafuata miombo, na mbung'o akafuata wanyama. Wanahistoria, John Iliffe akiwa mmoja wao, wameeleza jinsi binadamu kusini mwa Tanganyika alivyopoteza ardhi kwa pori baada ya vita ile. Kipande kikubwa cha pori hilo baadaye kikawa hifadhi ya Selous.

Muongo mmoja baadaye somo lilirudiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini viliingia kupigana na Wajerumani nchini humu, na farasi wao wakafa kwa maelfu kwa nagana, kwa ugonjwa wa farasi na kwa njaa. Nafasi ya wanyama ikachukuliwa na wapagazi. Kufikia mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, Oktoba 1917, vita katika nchi ya Lindi ilikuwa ikibebwa kichwani na watu, na wengi wao hawakurudi makwao.

Kwa hiyo kukosa farasi hakuonyeshi chochote kuhusu uhodari wa watu wa kusini. Hata ng'ombe wengi tunaowaona leo ni wageni. Wafugaji walio wengi walifika Lindi baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mifugo yao inaishi kwa sindano na kwa dawa ya kuogesha. Nagana inaweza kushindwa, na Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997 baada ya madume waliotasishwa kwa mionzi kumwagwa kisiwani kwa ndege. Lakini kisiwa kina bahari pande zote, na Liwale imepakana na pori lisilo na mwisho.

Nusu ya pili ya swali ndiyo ninayoipenda zaidi. Tuseme mdudu hayupo. Mfugaji wetu angeweza kumfundisha farasi? Ningejibu kwamba nusu ya elimu hiyo tayari anayo.

Tuna msemo kwamba asante ya punda ni mateke, na tunaamini kwa dhati kuwa mnyama yule hana shukrani. Tazama jicho lake kwanza. Macho ya farasi, kama ya punda, yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu nyuzi 350 kati ya 360. Zinazobaki ni sehemu ndogo mbele ya paji la uso na sehemu nyembamba moja kwa moja nyuma ya mkia. Mtu anayemwendea kutokea nyuma, kimya, akiwa na ndoo ya pumba kama zawadi, kwa mnyama huyo si mfadhili, ni kitu kisichojulikana kilichotokea mahali anapotokea simba. Teke linakuja kabla ya kutambua. Msogelee usawa wa bega, ukiongea naye, umwekee mkono shingoni kwanza, na mateke mengi hayatakuwepo.

Farasi ni windo. Kila anachokutana nacho kipya anajiuliza kama akimbie au abaki, na mafunzo yote ni kumjengea jibu la pili. Wengi wanadhani kinachomfundisha ni kuvutwa, kupigwa au kusukumwa. Hapana, kinachomfundisha ni pale unapoacha. Shika kamba iliyofungwa kichwani mwake, uivute taratibu bila kushtua, uishikilie hapo hapo. Jambo la kwanza atakalofanya ni kuvuta upande wake, kwa sababu mwili wake umeumbwa kukataa kinachombana. Usiongeze nguvu, usiachie. Subiri. Baada ya muda atachoka kukataa na atasogeza uzito kuelekea kwako, pengine kwato moja tu, pengine shingo imelegea kidogo. Sekunde hiyo hiyo legeza kamba yote. Mara ya pili atasogea mapema zaidi, na baada ya siku kadhaa utakuwa unamwongoza kwa vidole viwili.

Tatizo la binadamu ni kuchelewa. Mnyama alisogea, wewe ukaendelea kuvuta kwa sababu umefurahi na unataka zaidi, yeye akainua kichwa kwa hasira, ndipo ukaachia. Umemfundisha kuinua kichwa. Nimeona jambo hili mara nyingi kwa wenye punda: mnyama anapigwa anaposimama, anapigwa anapoanza kutembea, anapigwa akiwa katikati ya mwendo. Kwake fimbo haina maana yoyote, ni mvua tu inayonyesha.

Kuzoesha vitu vya kutisha hufuata sheria ile ile. Chukua kanga kuukuu au gunia tupu. Mpanguse begani, kisha mgongoni, kisha ubavuni, kwa mapigo yanayofanana, huku na huku. Atashtuka na pengine atazunguka. Endelea kwa utulivu ule ule mpaka miguu isimame, na ikisimama ndipo uondoe kanga. Ukiiondoa wakati anaruka umempa somo baya kuliko yote, kwamba akiruka mambo yanayomtisha huondoka. Siku atakapokuwa na mtu mgongoni na mfuko wa plastiki ukapeperuka njiani, atalikumbuka somo hilo, na mtu ndiye atakayekuwa kanga.

Katika ranchi nyingi kazi hii hufanyika ndani ya zizi la duara, lenye upana wa mita 15 hadi 18 hivi, lisilo na kona ya kujibana. Mfundishaji husimama katikati na kumfanya farasi azunguke kwa jinsi anavyosimama tu. Akikaa nyuma ya usawa wa bega la farasi, farasi huenda mbele. Akitangulia mbele ya bega, husita au hugeuka. Kwenye video utasikia wakisema sikio likielekea katikati na farasi akilamba midomo, amekubali kuongozwa. Sikio sawa. Kuhusu midomo sina hakika nao, kwa maana wapo wataalamu wa tabia za wanyama wanaosema ni dalili ya mfadhaiko unaoshuka, na mfadhaiko unaoshuka maana yake kwanza ulipanda.

Mchungaji yeyote aliyekulia Meatu au Hanang ameshaitambua habari hiyo ya bega. Ng'ombe naye ana mpaka wake wa kukaribiwa. Ukiingia ndani ya mpaka anaondoka, ukitoka nje anatulia. Ukiwa nyuma ya bega anakwenda mbele, ukiwa mbele ya bega anarudi. Mtoto wa miaka kumi anayepitisha ng'ombe themanini kwenye kichochoro kati ya mashamba mawili ya ufuta bila hata mmoja kumega jani anaijua elimu hii kwa miguu yake, hata kama hajawahi kuambiwa jina lake.

Tandiko hufuata baadaye. Mshipi wa tumboni hukazwa kidogo, farasi akatembezwa, ukakazwa tena, maana farasi wengi hujaza tumbo wakati wa kufungwa na baada ya hatua chache tandiko huning'inia. Kisha mtu hujilaza kwa tumbo juu ya mgongo na kushuka, mara nyingi, pande zote mbili, kabla ya kurusha mguu. Watu wa ranchi huanza haya farasi akiwa na miaka miwili au mitatu, mapema kuliko ningependa, kwa kuwa mifupa ya uti wa mgongo humaliza kukomaa kwenye miaka mitano au sita. Uzito nao una mpaka: kwa kawaida mtu na tandiko lake wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 abebe kilo 90, na tandiko la ranchi peke yake linaweza kufika kilo 15 au 20, kwa hiyo mpandaji mwenyewe asizidi 70 na kitu. Baadhi ya mabwana wa mnadani wenye vitambi wangebaki na pikipiki zao hata nagana ikiisha kesho.

Njia ya zamani ya Texas ilikuwa nyingine. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, mamilioni ya ng'ombe yaliswagwa kaskazini kuelekea reli, na farasi walihitajika haraka. Waliokamatwa porini walifungwa tandiko kwa nguvu na mtu akapanda mpaka mnyama achoke kuruka. Mfundishaji alilipwa kwa kichwa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukawia. Farasi wa namna hiyo amekata tamaa, hajafundishwa, na aliyekata tamaa huweza kulipuka siku yoyote. Katika karne ya 20 wafundishaji farasi wa Marekani kama Tom Dorrance na Ray Hunt walieneza tena njia ya subira, na leo ndiyo inayosifiwa. Nasema tena kwa sababu wachunga ng'ombe wa Meksiko walikuwa nayo tangu zamani. Wao walianza na kitanzi cha ngozi cha puani bila chuma chochote mdomoni, kisha hatamu mbili kwa pamoja, na lijamu, yaani chuma cha mdomoni, peke yake mwisho kabisa, baada ya miaka kadhaa. Ustadi wao ulitoka Hispania, na Wahispania nao walijifunza upandaji wa vikuku vifupi (vile vya kukanyagia miguu) na farasi mwepesi kutoka kwa Wazenata, Waberiberi wa Afrika Kaskazini. Na kati ya makauboi wa Marekani wenyewe, inakadiriwa mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi. Kwa hiyo habari ya "mambo ya Wazungu" ina mashimo pande zote mbili.

Farasi wa ranchi aliyeiva huongozwa kwa mkono mmoja. Hatamu ikimgusa shingoni upande wa kushoto anageuka kulia, kwa sababu mkono wa pili wa mpandaji una kamba. Ng'ombe akinaswa, kamba huzungushwa kwenye pembe ya chuma iliyo mbele ya tandiko, na farasi mwenyewe husimama akimkabili ng'ombe, anaivuta kamba isilegee huku mtu ameshuka kufanya kazi. Hapo kwenye kuzungusha kamba ndipo vidole gumba hupotea. Kidole kikibaki kati ya kamba na chuma wakati ng'ombe wa kilo 400 anafika mwisho wa kamba, hakuna muda wa kukitoa.

Sasa tuulize kazi hiyo yote ni ya nini. Ng'ombe wa ranchi kubwa ya Marekani huachwa peke yake kwa miezi. Anamwona binadamu mara chache kwa mwaka, wakati wa chapa, chanjo au kuuzwa, na akimwona anakimbia. Farasi ni chombo cha kumfikia ng'ombe asiyezoea watu. Ng'ombe wa Msukuma au Mbarbaig analala bomani kila usiku, anaitwa kwa mluzi, anakamwa na mama mwenye nyumba, na anachungwa kutwa na mtu aliye hatua kumi kutoka kwake. Tatizo ambalo farasi analitatua huku halikuwahi kuzaliwa, kwa sababu kazi ya kila siku ya mchungaji ililimaliza mapema. Kijana anayetamani kumrushia ndama kamba anaweza kumwendea yule yule ndama na kumshika sikio.

Farasi mmoja pia hatoshi. Kwenye safari zile za kuswaga ng'ombe kila kauboi alikuwa na farasi kadhaa wa kubadilisha kwa siku, maana mnyama huchoka. Kila mmoja anakunywa lita 30 za maji au zaidi siku za joto, anakula majani makavu ya kilo 9 hivi, kwato zake hutakiwa kupunguzwa kila wiki sita hadi nane, na kwa kuwa hawezi kutapika, chakula kilichooza au kilichobadilishwa ghafla kinaweza kumuua kwa msokoto wa tumbo. Mwezi wa Oktoba, visima vya Nachingwea vikishakauka, nani atamchotea?

Mnyama ninayemtetea mimi ni punda. Amekuja kusini pamoja na wafugaji, ugonjwa wa farasi wa Afrika ukimpata humwumiza kidogo sana kuliko farasi, na ingawa nagana humshika, huihimili vizuri zaidi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi zake, iliyokuwa ikiwamaliza. Kumfundisha ni kwa kanuni zile zile za kamba na kanga, ila ukumbuke tofauti moja. Farasi akiogopa hukimbia, punda husimama. Sisi tunaita ukaidi, kumbe anachunguza. Akigoma kwenye daraja la miti, mpe kamba ndefu, mwache anuse, vuta kidogo na uachie kila anaposogeza kwato, na hakikisha haonyeshwi fimbo akiwa tayari anavuka. Akivuka mara tatu kwa njia hiyo, ya nne atavuka na madumu ya maji mgongoni.

Na kama yupo mwenye fedha ambaye lazima awe na farasi, asiwapeleke Liwale. Awaweke Lindi au Mtwara mjini, mbali na vichaka, wakiwa wamechanjwa kabla ya masika, banda liwe na wavu wenye matundu madogo sana kwa ajili ya usubi, na apange mapema na daktari wa mifugo jinsi damu itakavyopimwa kila homa inapotokea. Awanunue wawili. Farasi husinzia wima, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala chini, na hawezi kulala chini kwa amani asipokuwa na mwenzake aliyesimama macho.